Kanombe si hadithi ya chatu

NIMEFIKA mara tatu katika makumbusho ya Kanombe, jijini Kigali, na mara mbili nilikuwa na wanafunzi wangu. Safari ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika haya.

Kwa msomaji asiyeifahamu, hii ni nyumba aliyoishi Rais Juvénal Habyarimana, jirani na uwanja wa ndege. Baada yake aliishi humo Rais Pasteur Bizimungu. Ilikarabatiwa ikawa makumbusho, na mwaka 2018 yakahamishiwa humo Makumbusho ya Sanaa kutoka Rwesero, Nyanza. Kwa hiyo unaingia sebuleni kwa rais na kukuta kazi za wasanii wa leo.

Sina ugomvi na hilo. Mbele ya picha moja yenye mistari ya imigongo nilisimama muda mrefu. Imigongo hutengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe na kupakwa rangi, na asili yake ni Gisaka, kwetu, karibu na Mto Kagera. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto huo, Ngara, kwa wazazi wakimbizi, na darasa la kwanza nilisomea huko. Mama alitusimulia imigongo kwa maneno tu. Ukuta wa kuichora hakuwa nao.

Wanafunzi wangu walipenda vingine. Walipenda ngazi ambazo husimuliwa kuwa zilitoa mlio zikikanyagwa usiku, na zaidi ya yote walipenda chatu aliyefugwa bustanini kisha akatoweka. Waliporudi kwenye basi walikuwa wakibishana alikokimbilia.

Lakini nje ya ukuta wa bustani kuna mabaki ya ndege ya Falcon 50 iliyotunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994, ikimrudisha Habyarimana kutoka mkutanoni Dar es Salaam pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Iliangukia nyumbani kwa mwenyewe. Hapo msichana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ndege isingeanguka, watu wasingeuawa?"

Nilimjibu kwamba tutazungumza darasani. Lilikuwa jibu la mwalimu ambaye hakujiandaa, na naona aibu kulisema.

Simlaumu mtoto. Hata mimi niliamini hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, nikiwa na miaka 12, niliona umati ukivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, zaidi ya watu laki mbili kwa muda wa siku moja hivi. Tulipouliza kulikoni, watu wazima walitaja ndege. Ndege ikabaki kichwani mwangu kama chanzo cha yote, mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Ukiyatazama yale mabati yaliyopindika ni rahisi kuamini. Yanaonekana, yanagusika. Maandalizi hayaonekani. Nani ataona pale kwamba Watutsi waliuawa Kibilira Oktoba 1990 na Bugesera Machi 1992? Kwamba gazeti la Kangura lilichapisha "Amri Kumi" zake Desemba 1990, na redio RTLM ikaanza kutangaza Julai 1993? Januari 11, 1994, karibu miezi mitatu kabla ya ndege kuanguka, Jenerali Roméo Dallaire aliwaandikia wakubwa wake New York kuhusu silaha zilizofichwa na Watutsi waliokuwa wakiorodheshwa Kigali. Orodha haiandikwi baada ya ajali.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu, wa Rwanda na hata wa Ngara na Kayanza wanaofikiria kuleta wanafunzi: toeni kipindi kimoja darasani kabla ya kukodi basi. Tarehe hizo zinaenea ubao mmoja. Chatu tumwachie mwongozaji, anamsimulia vizuri kuliko sisi.

Yule msichana nilimjibu wiki iliyofuata. Aliandika tarehe zote, akaniomba turudi Kanombe. Nimemwambia tutarudi muhula ujao.