Mkuki wa Mvunguni

Wizi wa usiku unapozidi mtaani, mazungumzo ya silaha hayachelewi. Bunduki iko mbali na mtu wa kawaida: nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji apitie milango kadhaa kabla ya kupata leseni, na akishaipata bado hajainunua bunduki yenyewe. Panga ni fupi. Mpaka ulitumie, umeshamfikia mwizi naye ameshakufikia. Hapo ndipo mkuki unapotajwa. Mhunzi anaufua kwa bei nafuu, hauishiwi risasi, na urefu wake unamzuia adui asikusogelee. Si hoja ya kupuuzwa, na wanaoitoa si washamba kama baadhi ya wasomi wa mjini wanavyopenda kudhani; wengi wanaishi mahali ambapo polisi hufika asubuhi, kuandika maelezo. Kasoro ya hoja hiyo iko kwingine. Inaitazama silaha bila kuwatazama waliokuwa wakiishika. Nguvu ya mkuki ilitoka kwa kundi lililofunzwa kuutumia pamoja, mahali palipochaguliwa. Ukiutenga na kundi hilo ukauweka mvunguni mwa kitanda cha mtu mmoja, uwezo wake wa kuua unabaki uleule, lakini uwezo wake wa kulinda unapungua mno.

Tuanze pale mkuki uliposhinda, maana ndipo watetezi wake wanapoanzia. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo katika nchi ya Wahehe, msafara wa kijeshi wa Wajerumani ukiongozwa na Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa jina la Nyundo, uliangukia mtego wa majeshi ya mtawala wao Mkwawa. Msafara ulikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe walio wengi walikuwa na mikuki na ngao. Zelewski aliuawa pamoja na mamia ya watu wake, na pigano lenyewe lilikwisha kwa dakika chache. Ni ushindi ambao Tanzania haikuusahau, hata kambi ya jeshi Dar es Salaam inaitwa Lugalo. Lakini ulipatikanaje? Wahehe walijificha vichakani karibu kabisa na njia, wakauacha msafara ujipange wenyewe kwa mstari mrefu mwembamba, kisha wakatoka kwa maelfu kwa ishara moja. Umbali ambao bunduki inauhitaji ili iwe bunduki uliondolewa kabla vita havijaanza. Kazi kubwa ilifanywa na upelelezi, nidhamu ya kukaa kimya na wingi wa watu. Mkuki ulikuja kumalizia. Wajerumani waliporudi Oktoba 1894 na mizinga yao, wakiwa wamejiandaa, ngome ya Kalenga ilianguka, ingawa Wahehe kufikia wakati huo walikuwa na bunduki walizoteka Lugalo.

Miaka kumi na miwili kabla ya Lugalo, kusini zaidi, Wazulu walikuwa wameonyesha gharama ya ushindi wa namna hiyo. Tarehe 22 Januari 1879, jeshi lao la watu wapatao 20,000 liliikumba kambi ya Waingereza ya Isandlwana na kuua zaidi ya watu 1,300. Wenyewe walipoteza watu wanaokadiriwa kufikia elfu moja au zaidi, na hao ndio walioshinda. Mwezi Julai mwaka huohuo, huko Ulundi, Waingereza walijipanga mraba penye uwanda wazi, na Wazulu hawakuweza kuwafikia. Mashujaa wa vita vya Majimaji walioshambulia boma la Wajerumani la Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905 walikutana na jambo hilohilo mbele ya bunduki za rashasha. Mkuki hushinda kwa kutoa miili mbele ya miili. Jeshi linaweza kulipa gharama hiyo. Baba mwenye watoto watatu, peke yake saa nane za usiku, atailipa na nini?

Kuna hoja ya urefu, ambayo ndiyo yenye mvuto zaidi. Mwenye mkuki wa mita mbili humgusa mwenye panga kabla hajaguswa. Hilo ni kweli, na limekuwa kweli tangu enzi za mawe. Ila urefu una upande wa pili. Wamakedonia wa kale walibeba mikuki ya mita tano hadi sita, na mstari wao ukiwa umeshikamana hakuna aliyeweza kuukaribia kwa mbele. Huko Pydna mwaka 168 kabla ya Kristo mstari ulipasuka kwenye ardhi isiyo sawa, Warumi wenye panga fupi wakapenya kwenye mianya, na mikuki ile mirefu ikawa mzigo mikononi mwa wenyewe. Mfalme Shaka anasifiwa kwa kuwapa Wazulu mkuki mfupi wa kuchomea badala ya ule wa kurusha, na sababu yake inaeleweka upesi: ukiurusha ukakosa, umebaki mikono mitupu na adui ameongezewa silaha. Mkuki, kwa kifupi, una eneo moja la hatari, nalo ni ncha. Adui akiipita ncha, akaushika mpini, mwenye mkuki ameshikwa yeye. Ndiyo maana majeshi yote yaliyoutegemea yalimpa mshika mkuki ngao, au mwenzake wa kulia na wa kushoto, au vyote.

Sasa uingize mkuki huo chumbani. Chumba cha kupanga cha uswahilini, chenye kitanda, kabati, jiko la gesi pembeni na chandarua kilichoteremshwa, hakina nafasi ya kurudisha mkono nyuma. Umeme umekatika au umezimwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na safari hii ni kweli neno kwa neno: anayeupapasa mkuki wake gizani ameinama, kichwa chini, wakati mlango unavunjwa kwa fatuma, yaani jiwe kubwa. Mtetezi atajibu kwamba atasimama mlangoni, kwa kuwa mlango ni mwembamba na anayeingia lazima aikabili ncha. Hili ndilo jibu bora alilo nalo, nami nalikubali nusu. Dhidi ya mwizi mmoja anayeingia kwa mlango mmoja huku wewe umeshaamka, mkuki mlangoni ni kizuizi cha kweli. Lakini majambazi wanaovunja mlango kwa jiwe hawaji mmoja mmoja, na mwizi anayekuja peke yake kwa kawaida hupitia dirishani kimyakimya, akiomba usiamke. Wale wa kwanza huwezi kuwazuia kwa mkuki. Huyu wa pili angekimbia kwa kelele tu.

Tena kuna swali la nani hasa hupita mlangoni gizani. Katika nyumba yenye wapangaji sita wanaotumia ukumbi mmoja na choo kimoja, ni mpangaji mwenzako, kijana wako aliyechelewa, au mlevi aliyekosea mlango. Mkuki hauna onyo la nusu. Rungu unaweza kulishusha kwenye goti. Ncha iliyonolewa imetengenezwa ili iingie mwilini. Na silaha iliyomo ndani haimngoji mgeni. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilikadiria kuwa mwaka 2017 wanawake 87,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na takriban 50,000 kati yao waliuawa na wapenzi wao au watu wa familia zao. Takwimu hizo hazisemi lolote kuhusu mikuki, ila zinasema jambo zito kuhusu nyumba. Mwanamume anayesema ameweka silaha kwa ajili ya mkewe angefanya vyema kumuuliza mkewe kwanza kama analala kwa amani zaidi.

Sheria nayo haikai mbali. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, na penye hatari kubwa haki hiyo inaweza kufika hadi kuua. Sharti lake ni kwamba nguvu iwe ya kiasi kinachostahili. Aliyevuka kiasi na kusababisha kifo anabeba kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kenya, kwa kifungu cha 17 cha kanuni yake, inafuata misingi ya sheria ya Uingereza, ambayo nayo hupima kama nguvu ilihitajika na ilikuwa ya kiasi. Mwizi aliyegeuka kukimbia na kuku wako si tishio tena kwa maisha yako. Jeraha la mkuki mgongoni litakuwa ushahidi mgumu kuuelezea mbele ya hakimu, hata kama mtaa mzima unakuunga mkono.

Wafugaji je? Moran wa Kimasai anautembeza mkuki mchana kweupe, na boma lake hulindwa nao dhidi ya fisi na simba. Hapa sina ugomvi, kwa sababu mfano huo unaitetea hoja yangu. Moran amekua na mkuki ndani ya rika lake, yuko penye uwanda, na akipiga kelele hatoki peke yake. Zipo pia nembo: ngao ya taifa ya Tanzania ina mkuki, bendera ya Kenya ina miwili. Yote hiyo ni mikuki ya taifa linalojilinda kwa pamoja, wala haitoi ushauri kuhusu chumba cha kulala.

Pingamizi lililo gumu zaidi linakuja hapo kwenye kundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowachosha Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora, waliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu. Walibeba pinde na mishale, lakini kilichowabana wezi kilikuwa mwano: yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka, kijiji kinampokeza kijiji, na mwizi hana pa kupita. Serikali ilisita, ikakamata baadhi yao, kisha mwaka 1989 ikawatambua kwa kurekebisha sheria ya mgambo. Wapo pia waliopigwa na waliouawa mikononi mwa vikundi hivyo bila kusikilizwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza: afadhali ipi, silaha ya mmoja au ghadhabu ya wengi? Ghadhabu ya wengi ni mbaya zaidi, sibishi. Ila kundi linaweza kuwekewa daftari la zamu, kiongozi anayejulikana kwa jina, na sharti la kumfikisha mtuhumiwa kituoni akiwa mzima. Mtu aliye peke yake gizani na ncha mkononi hawezi kuwekewa lolote kati ya hayo.

Ulinzi shirikishi unaochangiwa leo mitaani unastahili kupimwa kwa vipimo hivyohivyo. Mitaa mingi inakusanya fedha kila mwezi bila stakabadhi, walinzi hawana filimbi wala tochi, na wananchi wakiona hela zao zinaliwa, wanarudi kwa mhunzi. Hawalaumiki sana. Mwenyekiti wa mtaa anayetaka mikuki itoke mvunguni asome hesabu za ulinzi mbele ya mkutano wa hadhara, abandike majina ya walio zamu, na kila nyumba iwe na filimbi pamoja na komeo la chuma mlangoni. Fedha ya mkuki mmoja inaweza kununua filimbi za nyumba nyingi.