Je, gari la moshi la Bububu laweza kurudi?

Juma lililopita, tulipokuwa tukisoma juu ya asili ya majina ya mahali, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza ikiwa ni kweli kwamba kitongoji cha Bububu, kaskazini mwa mji wa Unguja, kilipata jina lake kutokana na mlio wa gari la moshi. Nilimjibu kwamba wako wasemao hivyo, na wako pia wasemao kuwa jina latokana na mbubujiko wa chemchemi. Mimi naelekea upande wa chemchemi, maadam Sayyida Salme, bintiye Sultan Said, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ilhali reli yenyewe ilianza kazi mwaka 1905. Kijana hakutosheka. Alitaka kujua mbona reli hiyo isifufuliwe, na mara darasa likagawanyika mafungu mawili. Kengele ililia kabla sijasema neno, kwa hiyo jibu langu naliandika hapa.

Yafaa kwanza tuelewe reli hiyo ilikuwa nini. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, yenye makao yake New York. Urefu wake ulikuwa maili 7, yaani kilomita zipatazo 11. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya Malindi katika njia nyembamba mno, ikavuka Darajani (enzi hizo palikuwa na daraja la kweli juu ya hori la maji ya bahari) kisha ikaelekea kaskazini hadi Bububu. Wenyeji waliipanda, na kadhalika wageni walioshuka kutoka melini wakitaka kuona mashamba ya mikarafuu kabla meli haijang'oa nanga. Serikali iliinunua mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa na magari kuongezeka, abiria waliihama, na kufikia mwaka 1922 ilikuwa imekoma kuwabeba. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuchukua mawe ya ujenzi wa bandari.

Msomaji atambue jambo moja hapo: reli hii haikuuawa na vita wala na uzembe wa mtu. Iliuawa na gari la mpira, lililoweza kusimama mlangoni pa abiria na kugeuza njia lipendapo. Anayetaka kuirudisha hana budi kutueleza ni nini kimebadilika.

Na kwa hakika kimebadilika kitu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na kati yao zaidi ya 890,000 waishi katika Mkoa wa Mjini Magharibi pekee. Nilipotembea huko likizo iliyopita, nilipanda daladala la kwenda Bububu wakati wa jioni. Nilikaa nimebanwa baina ya kapu la samaki na mzee mmoja mwenye kanzu, nasi tukasimama barabarani kwa muda mrefu kuliko tuliokwenda. Mzee alipojua kwamba nafundisha, aliniambia, "Maalim, babu yangu akifika mjini kwa gari la moshi upesi kuliko mimi leo." Sikuwa na njia ya kumpinga wala ya kumthibitisha, ila sikumwona kuwa mtu wa kuota njozi. Wateja wapo, na adha wanayo. Tena tangu treni ya umeme ianze kuwabeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, si ajabu Wazanzibari nao kutamani reli.

Hata hivyo, palipo na wateja si lazima pawe na njia. Sisi Wakenya tulifufua reli ya Nairobi hadi Nanyuki mwaka 2020, na wengi wetu tukadhani kwamba kila reli iliyokufa yaweza kuamshwa vivyo hivyo. Tusisahau kwamba pale Nanyuki ardhi ya reli ilikuwa ingali ya shirika la reli, na tuta na madaraja yalikuwa yangalipo, ingawa yamefunikwa na vichaka. Bububu hakuna kitu cha namna hiyo. Reli ziling'olewa karibu miaka mia moja iliyopita, na palipopita gari la moshi leo pana maduka, nyumba na barabara yenyewe. Mji Mkongwe nao umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na sidhani kuna atakayeruhusiwa kubomoa kuta za Malindi ili behewa lipite. Kwa hiyo tusemapo "kufufua", twajidanganya kwa neno. Ni kujenga upya kuanzia sifuri, na kuwahamisha watu waliopo.

Hata penye reli ardhini, mambo si rahisi. Katika kisiwa cha Vancouver, huko Kanada, treni ya abiria ilisimamishwa mwaka 2011 kwa sababu ya ubovu wa njia. Kuna wakfu maalumu unaomiliki ukanda wa reli hiyo, na watu wengi waitakao irudi. Pamoja na hayo, mwaka 2021 mahakama ya rufani iliamua kwamba jamii ya wenyeji wa asili ya Snaw-naw-as irudishiwe kipande cha ardhi kilichokatwa na reli endapo serikali haitaonyesha nia ya kuifufua, na mwaka 2023 ardhi hiyo ikarejeshwa. Mwenye ardhi ana haki zake hata mbele ya treni.

Kisha kuna jambo la kisiwa kuwa kisiwa. Reli ya Bububu ilikuwa na upana wa futi 3, upana usiolingana na reli ya zamani ya Kenya na Tanzania, ambayo ni ya mita moja, wala na ile mpya ya milimita 1,435. Chagua upana wowote ule, bado kila kichwa cha treni na kila behewa litavushwa kwa meli, na karakana kamili itajengwa kwa ajili ya kilomita 11 tu. Wakisema iwe ya umeme, nao umeme wa Unguja hutoka bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Hitilafu ya mwezi Desemba 2009 ilikiacha kisiwa gizani kwa muda wa miezi mitatu hivi. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013, na hali ni afadhali, lakini mpangaji makini hawezi kuipuuza historia hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule ni kwamba reli ile haiwezekani, ila adha ya mzee wa daladala yaweza kupunguzwa. Zitengwe njia za mabasi makubwa kwenye barabara ya Bububu ambazo gari jingine halitaruhusiwa kuzikanyaga, na wenye daladala washirikishwe tangu mwanzo, kwani wao na makondakta wao wana watoto wa kusomesha. Muhimu zaidi, ukanda wa ardhi utengwe sasa kutoka Bububu kuelekea kaskazini, ambako mashamba yangalipo, kabla viwanja havijauzwa.

Kijana ameshanijia na swali jingine: huo ukanda utapita katika shamba la nani? Jumatatu nitampa ramani aonyeshe mwenyewe.