Bendera ya Luffy tunaipenda. Lakini nani alibaki kufungua mlango?

Ndugu vijana wa Kamina, na ninyi wa Bukama, Kabongo, Malemba-Nkulu, Lubumbashi na kila mahali munapotusoma,

Juma lililopita tulipigwa makofi mawili.

La kwanza lilitoka kwa mzee mmoja mwenye cheo. Hatutamtaja. Alisimama mbele ya vijana akasema: "Batoto banasoma université miaka tano, kisha banarudia ku nyumba banasoma bikatuni bya Bajapone. Pirate ni mwizi. Ninyi munataka kuwa bezi?" Watu wakacheka. Na sisi, wenye diplome ndani ya bahasha na kazi hakuna, tulicheka pamoja nao, kwa haya tu.

La pili lilitoka kwetu wenyewe. Mwenzetu mmoja alileta mfano wa fulana: fuvu jeupe, mifupa miwili nyuma yake, kofia ya majani juu. Akasema vijana wa Madagascar wameangusha rais na bendera hii, basi na sisi tuivae, tena tutapata faida kidogo. Tukamuuliza: katika One Piece, wewe unapenda sehemu gani? Akajibu: "Miye sisomaka. Niliiona ku TikTok."

Huyu alituumiza kuliko yule mzee. Mzee hajui, na hasemi kwamba anajua. Kwa hiyo leo tunawajibu wote wawili, na tutaanza na sehemu tunayoipenda, kwa sababu mtu asiyeijua hawezi kutueleza bendera ile ina maana gani.

Iko ndani ya tomu ya 56. Sisi tuliisoma kwa Kifaransa kwenye telefone moja, watu watano, tukihesabu mega ukurasa kwa ukurasa, na kila mmoja akisema "ngoja, usipitishe, sijamaliza." Eiichiro Oda alianza kuichora hadithi hii Julai 1997, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na mpaka leo haijaisha. Luffy ana kaka yake, Ace. Hawana damu moja, lakini walikunywa kikombe cha undugu wangali watoto. Serikali ya Dunia imemkamata Ace na imetangaza siku ya kumuua mbele ya watu. Imemfungia Impel Down, gereza lililojengwa chini ya bahari, ghorofa sita kwenda chini, na kila ukishuka mateso yanazidi. Luffy anaingia mwenyewe, kwa miguu yake. Anashuka. Magellan, mkuu wa gereza, anammwagia sumu mpaka anakaribia kufa. Anaponyeshwa, anashuka tena. Akifika chini kabisa, anakuta Ace ameshapelekwa.

Amechelewa. Kila mtu aliyewahi kufika ofisini na karatasi zote mkononi akaambiwa nafasi ilijaa jana anaijua ile sura ya Luffy.

Sasa lazima atoke, na haraka. Wafungwa zaidi ya mia mbili wanapanda pamoja naye. Wanaiba meli ya kivita. Lakini mbele ya meli kuna Mlango wa Haki. Ndivyo unavyoitwa ndani ya kitabu, hatukubuni sisi. Ni mlango mkubwa kama mlima, umesimama katikati ya bahari, na mwenye meli hawezi kuufungua. Lazima amri itoke ndani ya gereza. Maana yake, ili wengine watoke, mtu mmoja abaki.

Meli inakwenda, mlango unafunguka, wafungwa wanashangilia. Halafu Luffy anataka kujua: nani ameufungua?

Ni Bon Clay. Tusimame kidogo kwa huyu, ju wengi wanamruka. Ni mcheza dansi, anavaa nguo za kuchekesha zenye vichwa vya bata maji, anajipaka rangi usoni, anasema mwenyewe kwamba yeye si mwanaume tu wala si mwanamke tu. Kila anapopita watu wanacheka. Mwanzoni alikuwa adui. Kule Alabasta aliwahi tayari kujitoa mara moja, akajigeuza sura ya Luffy ili wanamaji wamfuate yeye. Sasa anarudia. Ana uwezo wa kuchukua uso wa mtu, basi anachukua uso wa Magellan, anaingia kwenye chumba cha mitambo, anaamuru mlango ufunguliwe. Jinbe alijua, akaombwa anyamaze. Luffy analia kwenye ile simu ya konokono. Mlango unaanza kujifunga. Bon Clay anamtuma aende akamwokoe kaka yake. Wanyang'anyi wa bahari, watu wa kuua, wanalia kama watoto juu ya meli, na Luffy hana hotuba. Anashukuru tu. Oda aliipa sura ile jina la "Asante", na tomu nzima akaipa jina lile lile.

Tunaipenda kuliko ngumi zote za kitabu. Na Ace alikufa. Ndiyo, baada ya yote hayo, alikufa mikononi mwa Luffy kule Marineford. Kuna wanaosema basi Bon Clay alijitoa bure. Hatukubali, na tutarudi hapo.

Kwanza mzee wetu. Baba, kwa heshima yote: hii hadithi ninyi ndio mulitupa, kabla ya Mjapani yeyote. Ninyi ndio mulitusimulia kwamba mfalme Nkongolo alimwonea wivu Kalala Ilunga, mtoto wa mwindaji Mbidi Kiluwe. Kwamba alichimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akatandika mkeka juu, akamwita kijana aje acheze ngoma mbele ya watu. Kwamba mpiga ngoma alibadilisha mdundo kumwonya. Kalala akasikia, akaruka, akakimbia, akavuka Lualaba. Baadaye akarudi na askari, na ufalme wa Baluba ukasimama kama munavyotuambia kila siku.

Na mpiga ngoma je? Yeye hakuvuka maji. Alibaki pale pale, mikono juu ya ngozi ya ngoma, mbele ya mfalme aliyekasirika. Ku Kamina kila mtu anataka kuwa mjukuu wa Kalala Ilunga. Sisi bado hatujakutana na mtu anayejisifu kuwa mjukuu wa mpiga ngoma. Kwa hiyo usituambie tunasoma mambo ya wageni, Baba. Mgeni ametukumbusha mtu ambaye nyumbani tulimsahau.

Na sisi tunaongea hivi kwa sababu tuna deni.

Mwaka jana, kipindi cha mvua, tulikuwa watu kumi na saba ndani ya lupango moja, tunaandika mabango ya kuuliza kwa nini mtaa unalipishwa maji yasiyotoka. Usiku wakafika wanaume wenye uniforme. Nyuma ya nyumba ukuta ni mfupi, kuna mwembe. Mwenzetu mmoja, mkubwa kwetu kwa miaka miwili hivi, akasema: "Pitieni kule. Miye nitaongea nao." Akaenda kwenye mlango wa bati. Tulimsikia anawasalimu kwa adabu, anawaomba waonyeshe karatasi, anasema, "Muningojee, ninatafuta ufunguo." Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Aliutafuta dakika kumi. Watu kumi na sita waliruka ukuta.

Alikaa kasho siku tisa. Mama yake alibeba bukari kila siku. Sisi tulipata moyo wa kwenda kumwangalia siku ya nne. Alipotoka, nafasi ya ualimu aliyokuwa ameahidiwa ilikuwa imepewa mwingine. Leo anauza mafuta ya pikipiki kwa chupa, kando ya barabara, yeye na lisansi yake. Na sisi? Tunasimulia ule usiku tukisema "tuliwashinda mbio." Tumesema hivyo hapa hapa kwenye ukurasa wetu, na watu wengi mukatupigia makofi. Ilikuwa uongo. Hatukumshinda mtu mbio. Tulifunguliwa mlango.

Sasa wewe ndugu wa fulana. Bendera ile ilionekana Indonesia Agosti 2025. Septemba ikatundikwa kwenye geti la Singha Durbar, Kathmandu, moto ukiwaka nyuma yake. Tarehe 25 ya mwezi ule ule vijana wa Antananarivo wakatoka barabarani kwa sababu ya maji na umeme. Soma vizuri: maji na umeme. Ni mambo ambayo ku Kamina hatuhitaji mtu kutufafanulia. Wakaivua ile fuvu kofia ya Luffy, wakaivalisha satroka, kofia ya kwao. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 22 waliokufa katika siku za kwanza. Hao 22 ndio waliobaki kwenye chumba cha mitambo. Unajua jina la hata mmoja? Sisi pia hatujui. Tunamjua kanali.

Ju kitabu chenyewe kinatuonya: mlango ukifunguka, hapiti Luffy peke yake. Katika vurugu lile lile la Impel Down, Teach aliingia na kuondoka na wauaji wa ghorofa ya sita, watu ambao serikali iliwafuta hata kwenye magazeti. Madagascar rais Rajoelina alikimbia inchi, na tarehe 14 Oktoba kikosi cha CAPSAT kikatangaza kimeshika madaraka. Siku tatu baadaye kanali Randrianirina akaapishwa. CAPSAT ni kile kile kilichomweka Rajoelina mwaka 2009, na mwaka 2009 huyo Rajoelina alikuwa nani? Kijana wa miaka 34, zamani mpiga muziki wa dansi, mwenye barabara iliyojaa vijana.

Hatusemi vijana wa kule walikosea. Wangekaa gizani mpaka lini? Tunasema usituuzie nusu ya hadithi. Sisi tunaishi katika mji wenye kambi kubwa ya jeshi, na baba zetu waliona mwaka 1997 watoto makadogo wakitembea inchi nzima nyuma ya AFDL ili mlango wa Mobutu ufunguke. Ulifunguka, tarehe 17 Mei. Waulizeni wale makadogo, waliobaki, wamepata nini.

Na kutoroka kwenyewe, katika inchi yetu, hakufanani na ukurasa wa Oda. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa wa Makala, Kinshasa, walijaribu kutoka. Gereza lile lilijengwa kwa watu 1.500, na lilikuwa limebeba karibu mara kumi. Serikali yenyewe ilihesabu wafu 129, wengine kwa risasi, wengi kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Na wanawake waliofungwa humo walibakwa na wafungwa wenzao. Kila mara tunapochora meli na wafungwa wanaoshangilia, tuwakumbuke wale wanawake. Hakuna aliyewashikia mlango.

Basi Bon Clay alijitoa bure? Ace alikufa, ndiyo. Lakini kaka yake alifika, akamfungua minyororo, na Ace akafa akijua kwamba alipendwa. Na Luffy alikwenda akijua jina la aliyemfungulia, akalilia baharini kabla mlango haujafungwa. Tofauti yetu na Luffy ni hiyo moja. Yeye aliuliza siku ile ile, sisi tulipitisha mwaka mzima. (Kwa wale wenye haraka: Oda alikuja kutuonyesha baadaye kwamba Bon Clay hakufa. Mpiga ngoma, hatujui.)

Kwa hiyo tumeamua hivi. Fulana haitachapwa sasa. Mwenye kutaka kuivaa aende akanunue kwingine, hatutamfukuza, lakini asiseme imetoka kwetu. Lile andiko letu la "tuliwashinda mbio" tumeliondoa, na hili limechukua nafasi yake. Kila mmoja wa wale kumi na sita atatoa franka elfu tano kwa mwezi mpaka meza ya mafuta ya mwenzetu ipate paa. Hatuiiti msaada, tafadhali. Ni malipo ya dakika kumi.

Tulikwenda kumwambia jana jioni. Alitusikiliza huku anapima chupa. Hajawahi kusoma One Piece, anapenda mpira. Tulipomweleza habari ya Mlango wa Haki alicheka sana, akasema: "Wetu ulikuwa wa bati." Halafu akauliza kama ile mega ya kusoma tomu nzima ni ngapi.

Jumamosi saa nane tutaisoma pamoja naye, kwenye lupango ile ile. Mwenye telefone yenye chaji aje nayo.