Taa za dukani zinatosha

Taa za Krismasi zinazouzwa Kariakoo na zile zinazofika Makongolosi ni za aina moja: waya mwembamba wenye vibalbu vya LED, na kiboksi chenye kitufe kimoja ambacho mara nyingi hubeba mitindo minane iliyopangwa tangu kiwandani. Waliotazama video za Marekani huziona duni. Huko, mwaka 2005, video ya nyumba ya Carson Williams katika mji wa Mason, jimbo la Ohio, ilienea duniani ikionyesha taa zipatazo 16,000 zikifuata wimbo kwa amri ya kompyuta. Tangu hapo imezoeleka kusemwa kwamba taa za kiboksi hazifai kwa maonyesho ya kupatanishwa, kwa kuwa hazipokei amri ya mtu. Nadhani kwa mji kama Makongolosi hizo hasa ndizo zinazofaa, ilimradi kazi ya kuzipatanisha ifanywe na swichi badala ya kompyuta, na iwe ya mtaa badala ya nyumba moja.

Udhaifu wake ni wa kweli. Kila kiboksi kina saa yake ya ndani, kwa hiyo nyaya mbili za duka moja zikiwashwa kwa pamoja huanza sawa, kisha huachana taratibu kama wapiga ngoma wawili wasiosikilizana. Anayejaribu kuzifunga kwenye pigo la muziki balbu kwa balbu anajitafutia maudhi. Lakini waya mzima unaweza kutawaliwa kama kitu kimoja. Nyeupe ya kwenye paa, kijani ya kwenye uzio na nyekundu ya madirishani ziwekwe kwenye mtindo wa kuwaka bila kumeta, kila rangi na swichi yake, na mtu mmoja anayeujua vizuri wimbo wa kwaya aziwashe na kuzizima ubeti unapobadilika. Zinazometa zibaki nyuma, kwenye mwembe au mlangoni, ambako kutolingana kwake hakumkeri mtu. Sharti ni kuchagua kiboksi kinachokumbuka mtindo umeme ukikatika, maana vingine hurudi kwenye mtindo wa kwanza. Kukijaribu dukani ni rahisi: chagua mtindo, chomoa, chomeka tena, tazama.

Mazingira ya Makongolosi nayo yanazipa taa hizi nafasi. Huu ni mji wa dhahabu katika wilaya ya Chunya, na mota kubwa ya karasha la kusaga mawe inapoanza kuzunguka, umeme wa laini inayoilisha hushuka kwa muda. Kompyuta inayoongoza mamia ya balbu ikizimika katikati ya wimbo, maonyesho yamekwisha mpaka aje mtu wa kuianzisha upya. Kiboksi cha dukani hujiwasha chenyewe. Tena, umeme ukirudi baada ya kukatika, nyumba zote zenye viboksi vya aina moja visivyo na kumbukumbu huanza mtindo wa kwanza kwa wakati mmoja, na kwa dakika chache mtaa mzima unakwenda pamoja bila fundi. Sidhani kama aliyevitengeneza alilikusudia hilo.

Atasema mtu kwamba huku ni kuchoma LUKU bure. Tupige hesabu. Waya wa balbu 100 za LED hutumia takriban wati 6. Nyaya 10 ni wati 60. Kwa saa 5 kila usiku ni uniti 0.3, na kwa siku 14 ni uniti 4.2. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, jumla haizidi shilingi 1,500. Balbu ndogo za zamani, zilizokuwa zikila kama wati 40 kwa kila waya wa balbu 100, zingegharimu zaidi ya mara sita ya hapo. Anayepaswa kuhesabu kwa makini ni aliye kwenye bei nafuu ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ambaye nyongeza ndogo inaweza kumvusha mpaka huo.

Hoja nzito zaidi ni usalama, na hii siipingi. Krismasi ya Ohio huja na baridi; ya Chunya huja na mvua na radi. Nyumba zetu zimeezekwa kwa mabati, na waya mwembamba uliochubuka ukibeba volti 230 unaweza kulitia bati zima umeme. Juu ya hayo, plagi ya pini mbili hulazimishwa kuingia kwenye soketi ya matundu matatu kwa msaada wa kijiti. Kwa hiyo za nje ziwe zile zenye adapta ya kushusha volti, adapta ikae ndani pakavu, na fedha ambayo ingenunua waya wa kumi na moja inunue plagi sahihi. Wingu la radi likitanda, zichomolewe. Asiyeweza kumudu hayo azitundike sebuleni, dirishani, nazo zitaonekana barabarani vilevile.

Linabaki lalamiko la wapenda ufundi: kuwasha na kuzima kwa mkono si maonyesho. Ni kweli, hayatalingana na ya Williams kwa wepesi. Ila yake yalikusanya magari mengi mno mbele ya nyumba moja, na ajali ilipotokea jirani polisi walipata taabu kufika, naye akaamua kuyazima Desemba hiyohiyo. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikikubaliana kuwasha saa moja jioni na kuzima saa nne usiku, kila moja na rangi yake na zamu yake katika wimbo, watazamaji watatembea kutoka mlango hadi mlango, na bodaboda zitapata pa kupita.