MAONI: Kabla ya kamera kulikuwa na duka la matairi

KIJANA akimaliza chuo kisha arudi kuuza dukani kwa babake, mtaa huanza kunong'ona. “Kwani huyu alisomea nini?” Maneno hayo huuma. Ndiyo maana wengi huona heri walale njaa mjini kuliko waonekane nyuma ya kaunta ya mzazi.

Anayeumwa na maneno hayo hebu amwangalie Joanna Gaines, Mmarekani aliyepata umaarufu kwa kupamba nyumba za watu kwenye kipindi cha televisheni cha Fixer Upper.

Joanna alisomea mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Baylor, mjini Waco, Texas. Alitaka kuwa mwanahabari, na alifika hadi New York kufanya mafunzo ya nyanjani katika kipindi cha 48 Hours cha CBS. Kisha akarudi nyumbani. Kufanya nini? Kazi ya ofisi kwenye duka la babake la matairi na kurekebisha magari.

Hapo dukani, mwaka wa 2001, alikutana na mteja kwa jina Chip. Walioana 2003, wakawa wananunua nyumba kuukuu, wanazikarabati na kuziuza. Mwaka huo huo Joanna alifungua duka dogo la mapambo ya nyumba, Magnolia. Hakuwa na shahada ya usanifu. Alijifunza kazini, ukuta kwa ukuta. Baadaye alilifunga duka hilo ili alee watoto, lakini kazi ya nyumba haikusimama.

Kamera zilikuja lini? Fixer Upper ilianza kuonyeshwa HGTV mwaka wa 2013. Hesabu mwenyewe: miaka kumi tangu afungue duka. Kipindi kilipofika tamati 2018 baada ya misimu mitano, jina lake lilikuwa limevuka mipaka. Mwaka wa 2022, yeye na mumewe walizindua kwenye kebo chaneli yao, Magnolia Network.

Sisi siku hizi tunaanza na kamera. Unanunua taa ya kurekodia, unapaka ukuta mmoja wa bedsita rangi, unapakia video na kungoja wafuasi. Sio mbaya. Lakini mteja wa kwanza akikupigia simu akuulize mbona rangi inabambuka kwa sababu ya unyevu, utamjibu nini? Wafuasi hawatakusaidia hapo. Aliyewahi kushika brashi chini ya fundi ndiye atakayejua.

Tena televisheni haionyeshi yote. Samani nyingi unazoziona nyumba ikifunuliwa huletwa kwa ajili ya picha tu. Mwaka wa 2018, kampuni ya akina Gaines ilikubali kulipa faini ya dola 40,000 baada ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani kudai haikufuata kanuni za kudhibiti rangi ya zamani yenye madini ya risasi katika nyumba ilizokarabati. Sumu hiyo ni hatari kwa watoto, na hakuna kamera inayoinasa. Ikiwa hata wenye uzoefu waliteleza, sembuse aliyejifunza wiki jana kwenye simu?

Najua mtasema: yeye alikuwa na baba mwenye duka. Kweli kabisa, na si kila mtu ana bahati hiyo. Lakini wengine wetu tuna kitu na tunakionea aibu: cherehani ya shangazi, gereji ya mjomba, kibanda cha mama sokoni. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Simaanishi uzike ndoto yako. Joanna hakuizika yake. Alitaka televisheni, na mwishowe aliipata kwa njia ambayo darasani haikutajwa. Alipofika mbele ya kamera, alikuwa na kazi ya kuonyesha.

Nanyi wazazi na majirani, punguzeni minong'ono. Mkimwona msomi amechafuka grisi, msiulize shahada yake ilienda wapi. Muulizeni anajifunza nini, na mkiweza, mpeni kazi.