Neno "Hafai" Katika Fomu ya Chuo cha Ufundi

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 19, akiwa na fomu ya uchunguzi wa afya. Kijana alikuwa amepata nafasi ya kusomea useremala katika chuo cha ufundi stadi. Mwishoni mwa fomu palikuwa na maneno mawili ya kuchagua: anafaa, hafai. Kijana yule ana kifafa. Nikaiwazia karakana na msumeno wa mashine unaozunguka, nikaweka alama penye "hafai", nikagonga mhuri. Shughuli nzima haikuchukua dakika tano, na mama akanishukuru.

Miezi michache baadaye nilimkuta wodini, mkono wa kushoto umeungua hadi kwenye kiwiko. Baada ya kukosa chuo alikuwa akikaanga mihogo kando ya barabara, na kifafa kilimshika akiwa mbele ya karai la mafuta. Nilimzuia asiingie mahali ambapo angekuwa na mwalimu na wenzake, naye akaenda kwenye moto peke yake. Katika kumkinga na msumeno sikujiuliza angekula nini.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na sasa naamini kwamba kosa langu halikuwa kuogopa msumeno. Msumeno unastahili kuogopwa. Kosa lilikuwa kulijibu swali lisilo na jibu. Kifafa cha mtu mmoja si kifafa cha mwingine. Yupo anayeshikwa usingizini tu, hajawahi kuanguka mchana. Yupo anayepata dalili kabla, akawa na muda wa kukaa chini. Wengine huanguka pale tu wanapokosa dawa au wanapokesha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa duniani, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangegunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Hapa kwetu jambo hilo si geni: Dkt. Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, wilayani Ulanga, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ufundi nao si kitu kimoja. Seremala hupima, huchora, hupiga randa, huchonga maungio, hugundisha, hupiga msasa na vanishi. Mashine ni hatua moja tu kati ya hizo. Mwanafunzi mwenye kifafa anaweza kuanza na vifaa vya mkono, na mashine ikaja mwishoni, baada ya muda mrefu bila kuanguka, ikiwa na kinga yake na mwenzake akiwa karibu na swichi. Anayesomea umeme anaweza kusamehewa kupanda nguzo na bado akawa fundi hodari wa kutengeneza redio na simu mezani. Kuhusu uchomeleaji, wengi hudhani kila mwenye kifafa huangushwa na mwanga unaomemeteka. Hao ni wachache, na daktari anaweza kumchunguza mgonjwa kabla ya kumfungia mlango. Kwa kupanda juu na kuendesha magari sina ulegevu: anayeendelea kuanguka asiruhusiwe.

Kuna pia mambo madogo ambayo walimu hawaambiwi. Fenobabito, dawa ambayo wagonjwa wengi hupewa, huweza kuleta usingizi na kupunguza kasi ya kufikiri. Mwanafunzi anayesinzia asubuhi huitwa mvivu, kumbe angesaidiwa kwa kuhamishia kazi za hatari mchana na kurudiwa maelezo. Naye hahitaji mtihani mwepesi. Mafunzo yanayozingatia umahiri, ambayo ndiyo msingi wa vyuo vyetu vya ufundi stadi, humpima mtu kwa anachoweza kukitenda. Akihitaji wiki tatu pale wenzake walipohitaji mbili, kiti alichokitengeneza ni kiti kilekile.

Najua walimu watanijibu kwamba karakana zimejaa na mashine nyingine hazina kinga. Wana haki ya kuogopa, nami siwalaumu. Ila wenzangu wa upasuaji hushona vidole vya mafundi wasio na ugonjwa wowote. Kinga ya msumeno haikuwekwa kwa ajili ya mwenye kifafa peke yake.

Siku hizi nikiletewa fomu ya namna ile huambatanisha barua ya ukurasa mmoja. Hueleza kifafa humshika lini na namna gani, kazi zipi aanze nazo na zipi zisubiri, na kwamba asikeshe kwa ajili ya mitihani. Hueleza pia la kufanya akianguka: alazwe ubavu, vitu vyenye ncha viondolewe, asitiwe kijiko mdomoni, na apelekwe hospitali ikipita dakika tano. Huongeza kwamba mate yake hayaambukizi kifafa, kwa maana bado wapo wanaokimbia. Wenzangu, barua hiyo huchukua robo saa.

Nanyi mnaoishi na kifafa, najua kwa nini wengi wenu huficha. Nimewatibu wanafunzi wa bweni waliofungia vidonge sandukuni wakaruka dozi ili wenzao wasiwaone, wakaanguka wiki hiyohiyo. Andikeni tarehe na saa ya kila tukio kwenye daftari, mje nalo. Bila daftari hilo barua yangu ni ya kubahatisha.

Chuo kile hakikujibu barua niliyomwandikia kijana wangu alipopona. Alipokelewa na seremala mmoja mzee mtaani kwao, na sasa anajiandaa kwa utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia nje ya vyuo. Kovu limevikaza vidole vya mkono wa kushoto, hawezi kushika ubao sawasawa, kwa hiyo hubana kila kitu kwenye jiliwa. Mzee wake amemshushia meza ili aweze kufanya kazi ameketi.