Fundi umeme anayeanza anunue vipimo kabla ya grenda

Kijana aliyemaliza mafunzo ya umeme VETA, au aliyejifunza kwa kumfuata fundi mtaani, akipata fedha yake ya kwanza mara nyingi huwaza drili na grenda ya kuchania ukuta. Inaeleweka, maana hizo ndizo zana anazoziona mteja na ndizo zinazoharakisha kazi. Lakini kwa anayetaka kuishi kwa kazi ya kubadilisha nyaya katika nyumba za zamani, mpango huo umekaa vibaya. Akishapata plaizi, bisibisi zenye mpini wa kuzuia umeme, kifaa cha kuchunia waya, tindo, nyundo na ngazi ya mbao, shilingi inayofuata iende kwenye vipimo: kipima volti chenye ncha mbili, multimeta, na mashine ya kupimia insulesheni ambayo mafundi huiita mega. Grenda anaweza kuikodi siku akiihitaji.

Sababu ya kwanza iko kwenye kazi yenyewe. Nyumba mpya haiungiwi umeme mpaka mkandarasi mwenye leseni ya EWURA athibitishe mfumo wa nyaya na TANESCO iridhike, kwa hiyo fundi akikosea kuna jicho la pili. Nyumba ya Ilala au ya Ngamiani kule Tanga ambayo imekuwa na umeme miaka mingi mara nyingi haipiti tena mlango huo. Mwenye nyumba anamwita fundi, nyaya zinavutwa, mein swichi inawashwa jioni ileile na watu wanalala. Mkaguzi wa kwanza na wa mwisho ni fundi mwenyewe, na kama hana kipimo basi nyumba haikukaguliwa na mtu yeyote.

Wapo wanaosema fundi mzoefu anaona kwa macho. Uzoefu una thamani yake, ila ndani ya kuta za zamani macho hudanganywa. Katika nyaya za miaka ya nyuma nyekundu ndiyo waya wa moto na nyeusi ndiyo nyutro. Katika zinazofuata utaratibu mpya kahawia ndiyo waya wa moto na bluu ndiyo nyutro. Kwenye nyumba yenye fezi tatu mambo huzidi kuvurugika, kwa kuwa bluu ambayo leo ni nyutro zamani ilikuwa fezi, na nyeusi iliyokuwa nyutro leo yaweza kuwa fezi. Nyumba iliyoongezwa chumba kimoja kimoja na mafundi tofauti inaweza kuwa na rangi zote hizo ndani ya boksi moja nyuma ya swichi. Anayeunganisha kwa kufuata rangi hapo anabahatisha.

Wengine hutegemea testa ya bisibisi, ile yenye kitaa ndani ya mpini. Kitaa kile huwaka kwa sababu mkondo mdogo unapita mwilini mwa aliyeishika kuelekea ardhini. Akiwa juu ya ngazi kavu ya mbao, amevaa viatu vya soli nene, mchana penye mwanga mkali, kinaweza kuwaka hafifu kiasi cha kutoonekana, naye akaamini waya umekufa. Kipima volti cha ncha mbili hakitegemei mwili wa mtu. Kijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, pima waya unaotaka kuushika, kisha rudi pale pale kuhakikisha kipimo chenyewe hakijafa katikati. Pamoja nacho liwepo kufuli la kufungia mein swichi, kitu cha bei ndogo ambacho mafundi wengi hawana. Katika nyumba za kupanga, vyumba sita kwenye Luku moja, mpangaji akirudi akakuta giza atanyanyua swichi bila kuuliza nani yuko darini.

Kisha kuna kasoro ambazo hata multimeta haizioni. Multimeta hupima ukinzani kwa nguvu ya betri yake ndogo tu. Waya uliochubuliwa na ukingo wa boksi la chuma, au uliolala kwenye plasta iliyonyonya unyevu wa pwani, unaweza kuonekana mzima kabisa. Mega husukuma volti 500 za DC kati ya waya wa moto na ethi, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, na hapo udhaifu hujitokeza. Kiwango cha kimataifa kinataka angalau megaomu 1. Waya mpya huwa juu sana ya hapo, hivyo waya uliovutwa leo ukisoma megaomu 2 fundi asishangilie kuvuka kiwango. Atafute ulipoumia kabla ukuta haujazibwa.

Ethi nayo ina hesabu yake. Fimbo iliyopigwa kwenye mchanga mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50. Waya wa moto ukigusa bodi la friji, kwa volti 230 mkondo utakaopita ni ampea 4.6. Saketi breka ya ampea 20 haitashtuka, na friji itabaki na umeme ikisubiri mkono wa mtoto. Ndiyo maana panatakiwa kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampea 30. Kitufe cha majaribio kilicho juu yake hupima kifaa hicho tu; hakisemi lolote kuhusu ethi, ambayo ina kipimo chake.

Pingamizi zito ni bei, na ni la haki: mega nzuri inagharimu kuliko seti nzima ya plaizi na bisibisi, na kipimo cha ethi kadhalika. Lakini vifaa hivi havifanyi kazi kutwa nzima kama drili. Vinahitajika mwishoni mwa kazi, kwa saa moja au mbili, hivyo mafundi watano wa mtaa mmoja wanaweza kumiliki seti moja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya vijana. Kikundi cha mafundi umeme kinachoomba vipimo kina hoja nzuri kuliko vingi. Vyuo vya ufundi navyo vingeweza kuazimisha vipimo vyao kwa wahitimu wa karibuni, kwa dhamana ya cheti.

Yapo pia malalamiko kwamba mteja hatalipia kupimwa kwa waya. Hatalipia kwa sababu hajawahi kuonyeshwa chochote. Fundi aandike karatasi moja: kila saketi, megaomu zake, omu za ethi, tarehe na jina lake, aibandike ndani ya mlango wa bodi ya saketi breka. Fundi atakayekuja kufunga kiyoyozi baadaye atapima tena na kulinganisha. Mwenye nyumba naye aiombe karatasi hiyo kabla ya kumalizia malipo, na akiambiwa haipo, abakize fedha mkononi mpaka vipimo vifanyike mbele yake.